Siku Gari Letu Lilipochemsha

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima, na nilichosomea ni cheti cha kazi hiyo. Habari hii naieleza kwa sababu siku ile kijana mmoja aliungua, na aliungua kwa amri yangu.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 2016. Tulikuwa tunatoka Kibondo kwenda Kasulu. Wakati huo barabara ile ilikuwa bado ya udongo, na mwisho wa kiangazi vumbi lake huwa jekundu na jingi. Tulikuwa watu watatu ndani ya pikapu kuukuu ya kukodi: dereva, utingo wake na mimi. Nyuma tulipakia maboksi ya vitabu vya kisomo. Palikuwa pia na magunia manne ya maharage ya dereva. Maharage hayo hayakuwemo katika mapatano yetu, lakini nilinyamaza.

Tulivuka Mto Malagarasi, tukaanza kupanda mlima. Jua la saa nane lilikuwa kali. Dereva alitia gia ya pili, kisha ya kwanza. Gari likawa linakwenda polepole kama mtu mwenye mzigo. Mara nikasikia harufu ya mpira wenye moto. Kisha mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa boneti.

"Limechemsha," dereva akasema. Alizima injini, akafungua boneti, akachukua simu yake. Akapanda kilimani kutafuta mtandao.

Mimi nilikuwa na haraka. Wanakisomo wa kijiji kimoja karibu na Makere walikuwa wananingoja saa kumi. Nikamwambia utingo, "Fungua hapo, tia maji, twende."

"Bado ni moto, bosi," akajibu.

"Shika na kitambaa. Fungua."

Alikuwa na miaka kama 18. Kijana wa umri huo ataanzaje kumkatalia afisa? Alizungusha mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliruka, na maji ya moto yakapanda juu kama chemchemi. Yakamwagika juu ya mkono wake wa kulia, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nilisikia kilio chake, na mpaka leo nakikumbuka.

Wakati huo mzee mmoja alikuwa anapita, anakokota baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Aliiacha iangukie majanini, akaja mbio. Mimi nilikuwa tayari natafuta dawa ya meno ndani ya mkoba ili nimpake kijana. Mzee akanizuia.

"Usimpake kitu, mwalimu. Leta maji ya baridi."

Maji yetu ya kunywa yalikuwa dumu moja. Tulimmwagilia kidogo kidogo. Yalipokaribia kwisha, mzee alikwenda na dumu kwenye kijito kilichokuwa chini ya barabara, akaleta mengine. Tuliendelea hivyo kwa dakika 20 hivi. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba tulifanya vema. Maji safi ya baridi hutoa joto ndani ya nyama. Dawa ya meno, unga au mafuta hulifungia joto humo humo, na huchafua kidonda. Tulimfunika mkono kwa kanga safi niliyokuwa nampelekea mke wangu.

Kijana alipotulia kivulini, nilimuuliza mzee kwa nini maji yaliruka vile. Kumbe miaka ya 1990 alikuwa dereva wa lori, akipeleka chakula katika kambi za wakimbizi kutoka Burundi.

Akanieleza hivi. Injini ya gari ni moto unaowaka ndani ya chuma. Maji huzunguka ndani ya chuma hicho, yakachukua joto. Kisha huenda mbele kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapoza, halafu hurudi tena. Mfuniko wa rejeta hubana maji hayo. Maji yaliyobanwa huweza kupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Ukifungua ghafla, hayana tena kitu cha kuyabana. Yote huchemka mara moja, na njia yao ya kutokea ni pale ulipo mkono wako.

"Sufuria ya maharage yenye mfuniko mzito unaifahamu?" akaniuliza. "Basi hii ni zaidi ya hiyo."

Dereva alirudi bila mtandao. Alipouona mkono wa kijana hakunisemesha tena mpaka jioni.

Tulingoja karibu saa nzima. Mzee aligusa injini kwa nyuma ya vidole, ndipo akaanza kuchunguza. Kwanza aliubonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba. Ulikuwa mzima, umekaza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama sana. Oili ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia ndani, gasketi imekufa, na gari hilo ni la kuvutwa. Yetu ilikuwa nyeusi. "Mna bahati," akasema. Mbele ya rejeta vijitundu vilikuwa vimezibwa na vumbi na mbegu za nyasi, upepo haupiti. Akavisugua kwa ufagio wa majani. Mwisho akapapasa bomba la mpira la juu. Karibu na klipu palikuwa na ufa mdogo, na pembeni yake alama nyeupe ya maji yaliyokauka. Maji yalikuwa yanavuja hapo siku nyingi.

Alikata kipande cha tyubu kuukuu aliyokuwa amefungia mkungu wake. Akakivuta kwa nguvu, akauzungushia ufa ule mara nyingi, akafunga kwa waya. Tulichuja maji ya kijito kwa kitambaa. Dereva aliwasha injini, na mzee akatia maji polepole. Kutia maji mengi ya baridi kwa mara moja kwenye injini yenye moto huweza kupasua chuma. Mfuniko aliurudisha bila kuukaza mpaka mwisho, ili maji yasilibane lile bomba lililofungwa.

Niliufuta mfuniko ule kabla hajaurudisha. Chini ya vumbi na oili palikuwa na maandishi ya Kiingereza: usifungue injini ikiwa moto. Mimi najua kuyasoma.

Mzee alinyosha kidole kwenye dashibodi. "Hii sindano mliitazama? Mimi herufi sizijui, lakini hii naisoma. Ikipanda huku, simama." Huko alikoonyesha palikuwa na herufi H, yaani moto. Hakuna aliyekuwa ameitazama tangu Kibondo.

Magunia mawili ya maharage tuliyaacha kwake. Tulikwenda mwendo mdogo, tukisimama kuongeza maji. Tulifika hospitali Kasulu usiku. Wanakisomo wangu walikuwa wamekwisha rudi nyumbani.

Kijana alipona baada ya wiki nyingi, nami nililipia matibabu. Kovu lipo. Tukikutana sokoni Kasulu hunisalimu kwa mkono wa kushoto.