Macho ya Mtumishi na Ofisi Isiyo na Karatasi

Desemba iliyopita nilipanda Mbaga, huku Upareni, nikiwa na tasnifu sita ndani ya kompyuta mpakato. Nilikusudia kuzimaliza kabla ya Krismasi. Jioni ya pili herufi zilianza kuwa na vivuli, maumivu yakanikaa juu ya nyusi, na macho yakawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Nikalilaumu vumbi la Same, kama tufanyavyo wote tukipita pale wakati wa kiangazi.

Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alikuwa akinitazama. "Mwanangu, mbona unaisogeza mbali hiyo mashine kama mtu aliyeletewa barua ya deni?" Akavua miwani yake, akanipa. Niliivaa na herufi zikatulia. Naona haya kukiri kwamba nilichokihisi kwanza ni fedheha, si nafuu.

Mambo mawili yalikuwa yamekutana. La kwanza ni umri: tukikaribia miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na cha karibu huwa kigumu kukisoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 wana tatizo hili bila kupata miwani inayowafaa. La pili ni kioo chenyewe. Ili kuona karibu, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza, nasi huushikilia hivyo kwa saa nyingi. Isitoshe, mtu hupepesa takribani mara 15 kwa dakika; akikodolea kioo, idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu, na jicho hukauka. Uchovu huu haupofushi. Huondoka jicho likipumzishwa.

Dawa yake haina gharama. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Weka kioo umbali wa mkono ulionyooshwa, chini kidogo ya usawa wa macho. Pepesa kwa makusudi. Usielekeze feni usoni. Kuhusu miwani ya "kuzuia mwanga wa buluu" inayonadiwa mijini, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu huo. Pale Mbaga sikuhitaji kupima mita: niliketi barazani nikaitazama nyika ya Mkomazi chini kule, na msuli ukalegea wenyewe.

Lakini mtumishi wa masjala atatazama nini? Niliposhuka mjini, dada mmoja wa ofisi ya umma, aliyevuka miaka 50, alininong'oneza: "Daktari, usinitangaze. Barua zikija kwenye mfumo huwa nazichapisha kwanza, nizisome kwa karatasi, kisha nazichana." Tumeleta e-Ofisi, tumeleta PEPMIS ya kupima utendaji, na siipingi hata moja. Ila aliyemfundisha dada huyu kubofya hakumuuliza kama anaona. Akichelewa, mfumo utaandika kuchelewa, basi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi wake. Ni vipimo vingapi kati ya hivyo vinavyofika kwenye macho?

Nami nisijifanye mtetezi tu. Nilipopata miwani yangu mwenyewe, nilizirudia zile tasnifu sita. Katika mojawapo, niliyoisoma usiku ule wa maumivu, nilikuta nimeandika pembeni: "Hoja haifuatani. Uandishi wa kizembe." Niliisoma sura hiyo tena, taratibu, asubuhi. Hoja ilifuatana. Kulikuwa na aya moja tu iliyokaa vibaya, nami nilikuwa nimeiruka mistari miwili.

Nilimwandikia mwanafunzi wangu siku hiyohiyo, nikafuta maoni yale na kurekebisha alama. Alijibu kwa ufupi: "Asante, Daktari. Nilikuwa nimeanza kuiandika upya."