Oili ya Land Rover, gari la mjomba

Land Rover ya petroli ya miaka ya sabini ilikuwa inameza lita sita za oili kwenye sampu, ukiacha ile ya filta. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilitosheka na lita mbili na nusu. Kwa hiyo Land Rover moja ikifanyiwa sevisi, Volkswagen mbili zilipata oili, na lita iliyobaki ikawekwa kwenye chupa ya kuongezea. Kwa hesabu hiyo mjomba wangu aliendesha gari lake, Volkswagen, pale Morogoro katika miaka ambayo watu wenye vyeo kumzidi walikuwa wameyapandisha yao juu ya mawe.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini ninayoisema. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima mwaka huohuo, na fedha za kigeni hazikuwepo. Jumapili alasiri gari binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Sabuni ilipangiwa foleni. Oili ya injini ilipatikana kwa kujuana. Mjomba alikuwa fundi kwenye karakana ya mradi mmoja wa wafadhili, na wafadhili wale walikuwa wanaleta kila kitu chao kwa meli, mpaka oili, kwenye mapipa. Kitabu cha sevisi cha Land Rover zao kilitaka oili imwagwe tarehe ikifika, gari liwe limetembea au limelala. Na petroli ilivyokuwa ya kubembeleza, yalikuwepo magari yaliyofikisha tarehe yakiwa yametoka safari chache tu za Kilosa na kurudi. Oili ilitoka bado ina rangi ya asali. Kwa mradi ilikuwa taka, na mafundi waliruhusiwa kuichukua kwa zamu.

Wengine walichota tu na kumimina. Mjomba hakuwa hivyo. Kwanza alitaka kujua imetoka gari lipi, nani analiendesha na lilikwenda wapi. Oili ya gari la dizeli hakuigusa, kwa sababu masizi yake huigeuza nyeusi ndani ya siku chache. Oili ya injini iliyotoka kufunguliwa na kufungwa upya aliiogopa kuliko zote, ingawa kwa macho ndiyo iliyokuwa safi kupita nyingine. Injini mpya inajisaga katika kilomita zake za mwanzo, na chuma kile kinaelea humo bila kuonekana. Alikuwa na sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio; aliizungusha chini ya karai, halafu anasubiri aone kitakachojikusanya.

Ikipita hapo, alitia tone moja kwenye bati lililopata moto juu ya jiko la mkaa. Likichachatika, kuna maji, haifai. Likitulia, aliniita. "Mjomba, nusa," ananiambia, na mimi nanusa kama kuna harufu ya petroli. Kipimo cha mwisho kilihitaji karatasi ya kukaushia wino, ambayo ilitoka kwa jirani yetu mwalimu, mwenye Volkswagen ya pili. Tone likisambaa taratibu na kufifia kuelekea pembeni, oili bado ina nguvu ya kubeba uchafu. Likiacha doa jeusi la duara katikati, imechoka. Baadaye sana niligundua kwamba kipimo hicho hutumika hata kwenye maabara za watu wakubwa. Mjomba hakukisoma popote. Alikiona kwa fundi aliyemfundisha kazi. Jambo ambalo hatukulijua wote wawili ni kwamba oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, na sisi tulikuwa tunainawa mpaka viwikoni.

Volkswagen ile haina filta ya oili. Ina chujio la waya tu, chini ya kisahani kinachoshikwa na nati sita ndogo, pamoja na gasketi mbili za karatasi. Kila oili ilipobadilishwa gasketi zile zilitakiwa mpya, na mpya hazikuwepo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi. Zangu zilivuja kidogo. Mjomba alisema injini isiyovuja ni ile isiyo na oili.

Alikuwa na usemi mwingine pia, ambao mafundi wengi bado wanao: oili haichakai, inachafuka. Ni kweli nusu. Mafuta yenyewe yanadumu, ila ndani yake kumetiwa viungo vya kusafisha injini, vya kuua asidi na vya kukinga chuma kisisagane, na hivyo vinaliwa kadiri injini inavyofanya kazi. Tena gari linalolala sana si salama kwa oili, maana unyevu unajikusanya ndani. Kilichomwokoa mjomba, kwa maoni yangu, ni kwamba Land Rover zile zilipotoka zilikwenda mbali, zikapata moto, na maji yakatoka kwa mvuke. Zingekuwa za kupeleka watoto shule, hadithi ingekuwa nyingine.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, 1985 Mzee Mwinyi akawa rais, na makopo ya oili yakaanza kuonekana madukani. Mjomba aliendelea na karai lake kwa muda, kwa mazoea na kwa ubahili, mpaka mradi ukafungwa. Miaka ya tisini zikaingia Toyota za mtumba kutoka Japani, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Injini za zamani zilikuwa na nafasi, uchafu ulipita. Injini ya Toyota yenye VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu, inatumia presha ya oili yenyewe kusogeza kamshafti, na oili hiyo inapitia chujio dogo ambalo uchafu kidogo tu unaliziba. Hiyo inataka oili nyepesi, ya daraja lake, isiyo na historia.

Ajabu ni kwamba oili ya mkono wa pili haikuondoka. Ilibadili nguo tu. Wapo wanaookota makopo matupu, wanachuja oili chafu, wanajaza na kubana kifuniko. Rafiki yangu alinunua kopo la namna hiyo kwenye duka moja la vipuri mjini, na injini yake ikanoki kabla ya sevisi iliyofuata. Mimi sioni kama watu wale wanafanya kazi ya mjomba. Yeye alijua oili yake imetoka gari lipi na aliitia kwenye gari lake mwenyewe.

Juzijuzi sampu ya Toyota IST ya mke wangu ilianza kuvuja, wiki chache tu baada ya sevisi. Ikabidi oili yote imwagwe ili gasketi ibadilishwe, karibu lita tatu na nusu, na haijapata hata rangi. Mjomba, mzee sasa, alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji. Akashauri irudishwe: gari lilelile, oili ileile, ilmradi karai ni safi. Mimi pia naona hapo alikuwa sahihi. Fundi kijana akakataa kwa adabu. "Mzee wangu, karai hili limepokea oili ya magari yote ya mtaa huu." Tukanunua mpya.

Ikabaki kesi ya ile iliyomwagwa. Kijana aliihesabu ni yake, kwa kuwa anawauzia wenye mbao na nguzo, wanaopaka dhidi ya mchwa. Mjomba aliihesabu ni ya mwenye gari. Wakagawana. Mjomba alipoisugua kati ya vidole alikunja uso: nyepesi mno, hata mashine ya kusaga ya shemeji yake kule Dumila haiwezi kuipokea. Akaifunga dumuni hivyohivyo, ya minyororo ya baiskeli na bawaba za geti.