Safari, mikutano, na mto nilioufanya barabara

Najua nimekuwa kimya, na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni kwamba kazi ya kuandika programu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na mtu akishakaa mbele ya skrini saa tisa, hamu ya kuwasha skrini nyingine inakwisha.

Leo sina somo la kiufundi la kuwapa. Nataka kuwasimulia safari zangu mbili tatu, watu niliokutana nao, na kosa moja nililolifanya mwaka 2016 ambalo nusura limuue mjomba wangu. Kosa lenyewe nimelificha kwa muda. Sasa nimechoka kulificha.

Kwanza maelezo kidogo kwa wageni. OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia bure. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Wazo lake ni kama lile la Wikipedia: kila mtu aandike anachokijua. Tafadhali likumbuke hilo neno, "anachokijua", maana ndipo nilipoteleza.

Mimi ni mtu wa Matiliku, Kaunti ya Makueni. Nairobi nikiulizwa kwetu ni wapi, nilizoea kujibu "Emali", kwa sababu Emali iko kwenye barabara ya Mombasa na kila dereva wa lori anaijua. Nikisema Matiliku, mtu anauliza, "Hiyo iko Kitui?" Basi jioni moja mwaka 2016, nikiwa chumbani kwangu Umoja, nilifungua ramani ile nikatafuta kwetu. Nikaona nukta na mistari miwili mitatu, basi. Nyumba ya nyanya yangu haipo, kisima hakipo, hata njia ya kwenda shule niliyoipita miaka minane haipo. Nilikasirika, jamani! Nikajiandikisha usiku uleule.

Kuchora ni rahisi. Unafungua picha za setilaiti, unafuata kwa kipanya kile unachokiona, kisha unakipa lebo: hii barabara, hii nyumba, huu mto. Kwa wiki tatu nilichora kila usiku. Upande mmoja wa picha niliona mstari mweupe, mpana, unaopinda pinda kutoka barabara moja hadi nyingine. Nikasema, naam, njia ya mkato hiyo! Nikaichora, nikaiwekea lebo ya highway=track, yaani njia ya udongo, nikahifadhi, nikalala usingizi mzuri.

Ule haukuwa barabara. Ulikuwa mto.

Mnaotoka Ukambani mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze: mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha mto unajaa kwa saa chache au siku chache, kisha maji ya juu yanakwisha na unabaki mchanga mweupe. Picha ya setilaiti iliyopigwa kiangazi haina maji, ina mchanga tu, na mchanga ukiutazama kutoka angani unafanana kabisa na barabara ya vumbi. Isitoshe watu na punda hupita humo kweli wakati wa kiangazi, kwa hiyo hata nyayo zipo. Lakini mimi sina udhuru. Nimekulia pale. Mto ule nimeuvuka mara ngapi sijui, na bado nikiwa Nairobi nikautazama kwa jicho la mgeni.

Mwaka uliofuata, Julai 2017, nilikwenda Kampala. Wachora ramani wa Afrika walikuwa na mkutano wao huko, State of the Map Africa. Nilipanda basi la usiku, na mpakani nikaonyesha kitambulisho cha taifa tu (tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tunaweza kuvuka hivyo). Asubuhi nikafika nimechoka, nikala rolex mbili, yaani chapati iliyozungushiwa mayai, nikapata nguvu.

Kama hujawahi kukutana ana kwa ana na watu uliowajua kwa majina ya mtandaoni peke yake, jaribu siku moja. Yule niliyemdhani mzee mwenye hasira alikuwa msichana wa chuo mwenye kucheka sana. Na kila mmoja ana wazimu wake! Kuna aliyekuwa akihesabu miti ya mtaani kwao. Kuna aliyependa reli na kujua kila stesheni kati ya Mombasa na Kampala. Kuna aliyeweza kuongea saa nzima juu ya ramani ya matatu za Nairobi, ile iliyotolewa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani, waliopanda matatu wakiwa na simu mkononi kurekodi kila kituo. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa ajili ya programu, nikarudi napenda majina ya mahali na ndege wa porini. Ndivyo ramani ilivyo. Unaingia kwa mlango mmoja unatokea kwa mwingine.

Huko ndiko nilikokutana na rafiki yangu wa Dar es Salaam. Alikuwa amefanya kazi na Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 wa kuchora mitaa ya Dar inayofurika mvua zikija. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe walipita kwa miguu, mtaa kwa mtaa, wakiandika mifereji na mahali maji yanapofika. Nikamwonyesha kazi yangu ya Matiliku kwa majivuno. Akaitazama vizuri, akaniuliza swali moja: "Hizi njia umezipita, ndugu yangu?" Nikasema, "Ni kwetu bwana, nazijua." Akanyamaza. Nadhani ni adabu tu ya watu wa Pwani iliyomzuia kuuliza mara ya pili.

Sasa twende Novemba 2023. Mnakumbuka mvua za El Niño zilivyokuwa. Mjomba wangu anayeishi Mombasa alikuwa anakuja na mkewe kumwona nyanya. Tulizoea kumwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Alitoka barabara kuu jioni, giza likiingia, akawasha programu ya simu inayotumia data za ramani yetu. Simu ikampa njia ya mkato. Siku hiyo Matiliku hapakunyesha hata tone, mchanga ulikuwa mkavu, na kwa mwanga wa taa za gari ulionekana kama barabara. Akaingia. Baada ya mita kama mia mbili magurudumu yakazama.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, upande wa juu. Kule kwetu mafuriko hayaji na mawingu, yanakuja na sauti. Vijana waliokuwa wakirudisha ng'ombe waliisikia kabla ya mjomba, wakakimbia na kamba, wakamtoa yeye na mkewe wakiwa wameacha viatu ndani. Gari lilikutwa kesho yake mbali, limelala ubavu, limejaa mchanga hadi madirishani.

Nadhani ni lazima niseme hapa kwamba mambo haya si mchezo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kila familia ya Ukambani inaijua habari ile.

Mjomba alinipigia simu akasema, "Simu ilisema ni njia." Mimi nikasema pole, nikakata, nikawasha kompyuta. Ramani hii haisahau: kila mstari una historia yake, nani aliuchora, lini, na aliurekebisha nani. Nikaubofya. Toleo la kwanza. Mwaka 2016. Jina langu. Kwa miaka saba hakuna mtu mwingine aliyeugusa, maana nani angemsahihisha mwenyeji?

Niliufuta usiku uleule. Lakini kwa mjomba sikusema neno. Nilimtumia pesa kidogo kwa M-Pesa "za kusaidia", akanishukuru, na shukrani ile ikaniuma kuliko matusi.

Septemba 2024 mkutano wa dunia wa wachora ramani, State of the Map, ulifanyika Nairobi, tarehe 6 hadi 8. Rafiki wa Dar alikuja. Tulikuwa hatujaonana tangu Kampala, ila tuliongea kama watu walioachana jana. Siku ya mwisho, tukinywa chai, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Na sasa pale pameandikwaje?" Nikasema hapajaandikwa kitu, nimefuta. Akasema, "Basi bado hujasahihisha. Umeficha tu. Twende."

Kesho yake tulipanda treni ya SGR hadi Emali, kisha Probox ya watu tisa hadi Matiliku (mimi nilikaliwa na mfuko wa mbaazi njia nzima). Mlima Nzaui ulipotokea, rafiki yangu aliacha kuongea. Nikamwambia wazee wetu husema watu wa kwanza wa Wakamba walishuka pale, na nyayo zao zimebaki juu ya mwamba. Akataka kujua kama nyayo hizo ziko kwenye ramani. Mnaona sasa aina ya marafiki nilio nao!

Nyumbani alimwamkia Susu, "Shikamoo bibi." Susu akamwitikia kwa Kikamba, "Wakya?" na akangoja. Kijana wa watu akaduwaa, hajui kuwa anatakiwa kujibu "Aa". Tulicheka wote, Susu zaidi. Baada ya muthokoi nikamwambia ukweli, kwamba ile njia ya kwenye simu ya mjomba niliichora mimi. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Wewe uliyechotea maji pale?" Basi. Hakuongeza. Akaenda kuchukua fimbo yake.

Tulitembea siku mbili, Susu, jirani yetu mmoja mzee, rafiki wa Dar na mimi, simu ikirekodi nyayo zetu. Nilidhani najua mto ule, kumbe sijui. Susu alituonyesha vivuko vitatu, na kila kimoja kina jina na sababu ya jina. Alituonyesha mahali ambapo mchanga ni mgumu na pale unapomeza mguu. Alituonyesha visima vinavyochimbwa kwa mkono kiangazi, na ukuta wa bwawa la mchanga. Rafiki yangu hakuwa amewahi kuliona bwawa la aina hiyo, ikabidi nimweleze: unajenga ukuta wa zege kukatiza mto, mafuriko yanaujaza mchanga, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga. Kiasi cha robo hadi asilimia 40 ya ujazo huo huwa maji, yamefichwa jua lisiyanywe. Kwa hiyo ule mstari mweupe nilioudhani barabara kavu ulikuwa tangi la maji la kijiji.

Jioni tulikaa chini ya mwembe na kompyuta. Mto sasa una lebo waterway=river na intermittent=yes, maana yake mto wa msimu. Vivuko vimewekwa, na programu za njia zinaweza kuvitambua. Majina ni ya Susu.

Jambo moja tuliliacha. Kuna njia ya kushukia mtoni ambayo malori hupenda. Mzee jirani alisema, "Hiyo usiiandike." Wizi wa mchanga umeumiza sana Makueni. Kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015, lakini usiku ni mrefu. Kuna wachora ramani watakaosema kila kinachoonekana kiandikwe. Mimi nilimsikiliza mzee. Ndiyo maana pia sikuwatajia hapa jina la mto wenyewe.

Rafiki yangu akasema usiku ule, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Ni methali tuliyoizoea wote, lakini sikuwahi kuisikia ikinihusu mimi.

Kabla ya kulala nilimpigia mjomba. Nilimweleza kila kitu, mwaka, usiku ule wa Umoja, jina langu kwenye historia. Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Halafu akauliza:

"Na ya kwenda kwa mama umeiweka sasa, ile yenyewe?"

"Nimeiweka, mjomba. Tumeipita kwa miguu."

"Haya. Desemba tutakuja. Lakini utatungoja Emali, wewe mwenyewe."

Nilimngoja, na tulipita njia ya Susu. Nanyi mkiona mstari wa kwenu kwenye ramani, msiuamini kwa sababu tu aliyeuchora ni mtu wa kwenu. Upiteni kwanza. Tutaonana tena, na safari ijayo nitarudi kwenye msimbo, naahidi.