Mama hakuwa mchawi

Mama alifika kwangu Ndosho, hapa Goma, akitoka Masisi na mfuko mmoja wa nguo na wajukuu wawili. Tukawa watu saba ndani ya vyumba viwili vya mbao. Usiku wa kwanza nilimsikia akiamka. Alitupa blanketi, akafungua mlango, akaenda kukaa inje juu ya mawe. Baridi ya Goma usiku mnaijua. Yeye alikuwa anajipepea na kitenge, jasho likimshuka shingoni.

Ikawa hivyo kila usiku. Nilimwambia, "Mama, ni mawazo ya vita, yatapita."

Kisha majirani wakaanza kunong'ona: mama anayetoka inje saa saba ya usiku anatafuta nini? Neno uchawi likatajwa pale tunapochota maji. Kwetu neno hilo si mchezo, kuna wamama waliouawa kwa sababu yake. Niliogopa. Nikanunua kufuli, nikawa nafunga mlango na kulala na ufunguo. Mama hakusema kitu. Alikaa gizani akilowa jasho mpaka asubuhi.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Mama yangu mwenyewe sikumuuliza hata moja.

Dada yangu mkubwa ndiye alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alipima malaria kwanza, akauliza kama anakohoa au anakonda, maana jasho la usiku linaweza pia kuletwa na malaria ama kifua kikuu. Havikuwa hivyo. Akauliza miaka yake, na mara ya mwisho kuona mwezi. Miaka 51, na miezi mitano bila damu.

"Mama, huu si ugonjwa," akamwambia. "Mwili unafunga kazi ya uzazi."

Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Homoni zinapungua, mwili unashindwa kupima joto lake vizuri, joto linapanda ghafla na usingizi unakatika. Vita inaongeza shida hiyo, lakini si vita peke yake.

Muuguzi alimshauri avae nguo nyepesi ya pamba, aweke maji ya baridi na kitambaa karibu na kitanda, aache kahawa na chai ya majani kuanzia mchana, aamke saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Asinunue vidonge vya usingizi bila kuonana na daktari. Na kama damu imekoma mwaka mzima kisha ikarudi, aende hospitali haraka. Joto likizidi, daktari anaweza kumpa dawa.

Jioni ile nilimpa mama ufunguo, nikamuomba msamaha. Tulimhamishia kitanda karibu na dirisha. Dada naye akaenda kwenye maji, akawaeleza wamama wote bila haya. Wawili walimfuata pembeni: hata wao hawalali.

Mama bado anaamka, lakini si kila usiku, na analala tena.

Wewe uliyepokea mama yako, ama unayelala naye katika hema moja: akiamka usiku, usimfungie mlango. Muulize. Ukiona haya, mtume dada yako.