Mwangaza Hauchorwi, Huachwa

Umewahi kujaribu kuchora usiku? Kama bado, usicheke ukisikia yaliyompata binti yangu.

Jumapili moja stima zilipotea mtaani kwetu. Binti yangu, mwenye miaka minane, akaketi kando ya mshumaa na krayoni zake. Alitaka kumchora babu yake, yaani baba yangu, alivyotusindikiza hadi steji saa kumi alfajiri: yeye mbele na kandili mkononi, sisi nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yetu ya mwisho kumwona mzee akiwa hai.

Mtoto alipaka ukurasa mzima rangi nyeusi, kisha akachukua krayoni ya manjano ili atie kandili. Wapi! Manjano ilimezwa na weusi. Akakandamiza zaidi, karatasi ikatoboka, machozi yakamtoka.

"Babu amepotea," akalia.

Hapo nikakumbuka kitabu kimoja cha sanaa nilichonunua kwa wauza vitabu vikuukuu. Ndani yake mna mchoro wa Rembrandt, msanii wa Uholanzi, wa mwaka wa 1651. Yusufu, Mariamu na mtoto Yesu wanakimbilia Misri usiku, na Yusufu ameshika taa. Mchoro wenyewe ni mdogo, kama sentimita 13 kwa 11 hivi.

Kazi ya aina hiyo haipakwi rangi kwa brashi. Msanii hulipaka bamba la shaba nta, kisha huchora juu yake kwa sindano. Bamba likitiwa tindikali, shaba huliwa pale tu sindano ilipoondoa nta. Baadaye wino husuguliwa ndani ya mikwaruzo hiyo, bamba hupanguswa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine. Mistari ikisongamana, giza huingia. Rembrandt alilirudia bamba hilo mara kadhaa, akiongeza mistari.

Na taa je? Nilimwambia binti yangu atazame kwa makini. Msanii hakutia wino mweupe wala wa manjano. Mwangaza ule ni karatasi yenyewe, mahali alipokataa kugusa.

Mtoto alinyamaza, kisha akaleta karatasi nyingine. Safari hii alianza na kandili: duara dogo ambalo hakuligusa tena. Akalizungushia weusi, mwepesi karibu na taa, mzito kwingineko. Uso wa babu haukuonekana kabisa. Zilionekana gambuti zake tu na vidole vilivyoshika kandili.

Lakini nilimtambua mara moja. Binti yangu aliponiuliza mbona macho yangu yana maji, nilisingizia moshi wa mshumaa.

Basi nawe mzazi, mwanao akitaka kuchora usiku, usimnyang'anye krayoni nyeusi. Mwonyeshe tu mahali pa kuacha.