Taya likigoma, kisu si dawa ya kwanza

Mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi, akapokelewa na jamaa moja mjini Goma, alikaa miezi mitatu bila kutafuna hindi la kuchoma. Kila alipofungua kinywa, taya lililia karibu na sikio, kisha likakwama. Vidole viwili tu ndivyo vilipita kati ya meno, wakati watu wazima wengi hupitisha vitatu. Majirani walisema ni jino. Likang'olewa, maumivu yakabaki.

Shida ilikuwa kiungo. Mbele ya kila sikio, taya linaungana na fuvu la kichwa, na katikati kuna kipande laini kama mto, kinachoteleza mtu anapokula, anaposema au anapopiga mwayo. Kipande hicho kikihama, ama kiungo kikivimba, taya hugoma. Pigo la uso, kusaga meno usiku na mawazo mengi huzidisha maumivu, na mawazo hayo waliohama makwao wanayajua.

Muuguzi wa kituo cha afya alimpa mama yule dawa ya maumivu, akamwambia ale uji na chakula laini, aweke kitambaa cha maji ya moto na kufanya mazoezi ya kufungua kinywa polepole. Baada ya wiki kadhaa, kidole cha tatu kilipita. Wagonjwa wengi hupona hivyo.

Wasiopona wana njia nyingine kabla ya kupasuliwa. Muganga wa taya hutia ganzi, kisha huchoma sindano mbili ndani ya kiungo: moja inaingiza maji safi ya chumvi, nyingine inayatoa pamoja na uchafu unaoleta maumivu. Dorrit Nitzan na wenzake waliieleza njia hiyo mwaka 1991. Kabla yao, mwaka 1975, Mjapani Masatoshi Ohnishi alionyesha kwamba kamera nyembamba inaweza kuingia kiungoni humo. Kwa sindano, mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Kwa familia zilizohama, kikwazo ni safari na franka, maana waganga wa kazi hii ni wachache. Kwa hiyo ni vema kuanza na kituo cha afya mapema, kabla ya kung'oa jino lisilo na kosa.

Lakini taya likikaza baada ya kidonda, na shingo au mwili kukakamaa, huenda ni pepopunda. Hapo hakuna kungoja: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.