Kiglasi cha bluu cha Bibi (Simulizi za Nesi, sehemu ya 9)

Sehemu hii imechelewa, nilikuwa zamu za usiku.

Juzi nilienda kumsalimia jirani aliyejifungua. Mtoto siku nne, alizaliwa nyumbani ghafla kabla usafiri haujafika. Mama mkwe akaniletea juisi, na kwenye trei pembeni kuna kiglasi cha ajabu. Kidogo, urefu wa kidole gumba, kioo kizito cha bluu iliyokolea, kina mguu. Akasema ni cha baba yake, alikuwa mpishi kwa Wazungu wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Ukoo mzima wanajua ni glasi ya pombe kali. Vijana wamejaribu kunywea, wanaishia kulowa kifuani.

Nikakishika. Mdomo wake si wa duara, ni kama yai, halafu umepinda: huku umeinuka, huku umeshuka. Utanyweaje hapo? Nikakigeuzia jichoni. Kikakaa kama nimepimiwa.

"Bibi, hiki si cha pombe. Ni cha kuoshea jicho."

Zamani viliuzwa sana maduka ya dawa Ulaya. Unajaza maji ya dawa, unainama unakibana jichoni, unainua kichwa, unapepesa. Chuoni tulionyeshwa cha plastiki.

Nikajiona mjanja. Kumbe nimejichongea.

"Afadhali umekuja, mwanangu! Mjukuu ana tongotongo tangu jana. Tumkamulie maziwa humo tumwoshe."

Jamani. Nikaomba nimwone mtoto. Macho yote mawili yamevimba hayafunguki, ukifuta usaha wa njano unatoka mwingine. Hiyo si tongotongo. Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye macho ya hivyo ni dharura, hata kama ananyonya vizuri. Mara nyingi ni maambukizi aliyoyapata njiani wakati wa kuzaliwa, na yakiwa ya kisonono yanaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache tu. Ndiyo maana hospitali tunawapaka watoto mafuta ya tetrasaiklini wakizaliwa. Huyu hakupata. Maziwa ya mama ni chakula, hayatibu hii. Na kiglasi kile kikitoka jicho moja kwenda jingine kinahamisha ugonjwa tu.

Bibi alinuna. "Sisi tulilelewa hivyohivyo." Nikamjibu, "Kweli Bibi, lakini twende leo, tusilale." Tukapanda bajaji wote watatu na mtoto.

Alichomwa sindano, macho yakasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali mara kwa mara. Siku ya tatu akafungua macho, meusi, mazima. Mama alitibiwa, na baba pia aliitwa achukue dawa. Hapo Bibi aliniuliza mara mbili baba anaumwa nini. Nikamwambia amuulize mwanawe.

Kiglasi kimerudi kabatini. Sasa anawekea vijiti vya meno.